Vyoo Kumi na Viwili vya Bwana Salad

Mwezi wa Julai mwaka 1995, katika ofisi ya msanifu majengo Ngatia mjini Nyeri, juu ya duka la saruji na misumari, kulikuwa na kompyuta ambayo haikuwa mali ya mtu yeyote pale. Muuzaji wa Nairobi alikuwa ameiacha kwa majaribio ya miezi mitatu, pamoja na mashine ya kuchorea yenye kalamu nane. Ngatia, ambaye hakupenda kushawishika haraka, alikuwa amemwajiri mchoraji aliyejua kuitumia, mwanamke kijana wa Kiriaini aitwaye Murugi, kwa majaribio ya miezi mitatu hiyo hiyo. Barua ya mashine na barua ya Murugi zilikoma siku moja, Jumatatu ya tarehe thelathini na moja. Hakuna aliyemfafanulia Murugi maana yake. Alikuwa amesoma barua zote mbili, kwa kuwa ndiye aliyezipiga chapa.

Mchoraji mwingine wa ofisi hiyo alikuwa Mzee Kathurima, mtu wa Meru, aliyechora kwa wino juu ya karatasi angavu kwa miaka thelathini na kukwangua makosa kwa wembe. Alikuwa na wembe wake maalumu ambao hakumwazima mtu. Ngatia alikuwa amemwagiza ajifunze kompyuta saa moja kila siku, na baada ya miezi miwili na nusu Mzee Kathurima alikuwa amejifunza mambo matatu: kufungua mchoro, kugeuza kitu, na kuhifadhi. Kugeuza alikujua vizuri. Alisema ndiyo amri pekee iliyofanana na kazi.

Mengineyo aliyaona kuwa ni uvivu uliopewa umeme. Kilichomsumbua zaidi ni kile Murugi alichokiita kiungo.

"Nielezee tena, mwalimu," alikuwa akisema kila asubuhi, akiwa ameketi nyuma ya Murugi na kikombe cha chai. Neno hilo mwalimu alilitamka kwa heshima kamili, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. "Hii choo naiona hapa kwa ghorofa ya kwanza. Lakini ati haiko hapa."

"Haiko hapo, Mzee. Iko kwa faili yake, inaitwa CHOO. Nimeichora mara moja tu. Hapa kwa ghorofa kuna maneno tu ya kuambia mashine: enda kwa CHOO, angalia vile iko leo, halafu uionyeshe hapa."

"Kwa hivyo ni kama mgeni. Anakula hapa, analala kwao."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na akinyoa nywele kwao?"

"Utamwona hapa amenyoa. Kwa kila nyumba anakula."

Mzee Kathurima alikunywa chai. "Mimi mchoro wangu ukibadilika," alisema, "ni mimi nimeubadilisha. Hakuna siku nimefungua droo nikapata nyumba imenyolewa."

Kazi waliyokuwa nayo ilikuwa nyumba ya kulala wageni ya Bwana Salad, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki: ghorofa tatu, vyumba vinne kila ghorofa, na kila chumba choo chake cha kuchuchumaa, katikati ya kijumba cha mraba. Ilikuwa ndiyo kazi kubwa pekee ya mwaka huo na Ngatia aliifanya kuwa mtihani. Bwana Salad akiridhika na michoro ya kompyuta, kompyuta ingebaki. Asiporidhika, ofisi ingerudi kwenye wino, na wino ulikuwa na mtu wake tayari.

Jumatano ya juma la mwisho Bwana Salad alifika kutoka Nanyuki, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, akaandaliwa chai akaikataa, akainamia michoro. Aliisifu ngazi. Aliusifu uwanja wa kushushia mizigo. Kisha akaweka kidole juu ya mshale ulioonyesha kaskazini, akakisogeza taratibu hadi kwenye choo cha chumba namba moja, akakiacha hapo.

"Bwana Ngatia. Huu mshale ni wa kaskazini?"

"Ndiyo."

"Na huyu mtu amechuchumaa hapa. Anaangalia wapi?"

Ngatia alitazama kwa muda unaomfaa mtaalamu. "Anaangalia shughuli yake," alisema.

"Anaangalia kaskazini. Mimi nikiswali kule Nanyuki, naangalia kaskazini, mashariki kidogo tu. Hiyo ndiyo Kibla. Sasa mimi naangalia huko na yeye anaangalia huko. Hatuwezi kuwa wawili."

Ilibidi ikubaliwe kwamba hawawezi. Murugi alieleza, kwa sauti ndogo, kwamba hakuwa amekusudia lolote. Alipochora choo cha kwanza alikichora kikitazama juu ya karatasi, kwa sababu watu wote huchora vitu vikitazama juu, na kiungo kikakisambaza hivyo hivyo mara kumi na mbili.

"Wote kumi na wawili," alisema Bwana Salad. "Mmepanga safu kabisa, kama jamaa msikitini."

Hakusema kwa hasira. Alisema angerudi Jumamosi saa nne, kwamba vyoo vigeuzwe, na kwamba kama kitu kidogo namna hiyo kingekuwa kigumu kwa mashine, yeye alimjua mchoraji mmoja pale Nanyuki mwenye penseli. Ngatia alimsindikiza hadi chini. Aliporudi alisimama mbele ya meza ya Murugi.

"Umesikia."

"Nimesikia, Bwana Ngatia. Ni sekunde kumi. Nageuza CHOO peke yake, robo mzunguko, na zingine zote zinafuata."

"Fanya basi."

"Kesho niko Naro Moru kupima ile shamba ya kanisa, na gari inanipitia saa hii nilale huko. Nitafanya Ijumaa."

Ngatia alisema kwamba sekunde kumi zilizoahirishwa siku mbili hazikuwa tena sekunde kumi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, lakini gari lilikuwa limeshapiga honi.

Alhamisi Mzee Kathurima alifika kazini mapema. Inafaa isemwe kwamba hakuwa na nia mbaya. Kwa wiki kadhaa alikuwa amemchokoza Murugi kila siku ya kazi, na mtu humchokoza namna hiyo yule tu ambaye angependa aendelee kumwona. Alikuwa amefanya hesabu yake: choo kimoja kiligeuka kwa amri moja, vyoo kumi na viwili kwa amri kumi na mbili, na sekunde kumi za Murugi zilikuwa maneno ya mtu aliyezoea kuahidiwa na mashine. Ijumaa ingefika, sekunde kumi zingeshindwa, Jumamosi ingemkuta msichana wa watu amekaa na vyoo vinavyoswali. Akafungua ghorofa ya chini. Akageuza choo cha kwanza robo mzunguko, kuelekea magharibi, jinsi alivyofundishwa. Akavua miwani, akaifuta, akageuza cha pili.

Ilimchukua hadi saa kumi jioni, kwa sababu mashine ilikuwa ikifikiri kila baada ya amri, na yeye pia alikuwa akifikiri. Hakugusa faili ya CHOO. Hakuwa na imani nayo. Aligeuza kila mgeni pale pale mezani alipokuwa akila. Kisha akahifadhi ghorofa zote tatu, akafunika kompyuta kwa kitambaa chake cha maua, na hakumwambia mtu. Kazi iliyofanywa, kwa desturi ya miaka thelathini, ilikuwa ikionekana yenyewe.

Ijumaa Murugi alirudi kutoka Naro Moru akiwa na matope hadi magotini. Alifungua faili ya CHOO, akakigeuza robo mzunguko kuelekea magharibi, akahifadhi, akafunga. Alitazama saa yake.

"Sekunde tisa, Mzee," alisema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mzee Kathurima aliinamia karatasi yake ili asionekane uso. Aliamini kwamba msichana alikuwa amebonyeza vitufe viwili vya kujifurahisha, na kwamba kazi ya kweli ilikuwa imelala salama ndani. Hakutaka kumwaibisha. "Hongera, mwalimu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumaanisha uchokozi wowote, jambo ambalo Murugi hakuweza kulitambua, maana sauti ilikuwa ile ile.

Kabla Murugi hajafungua ghorofa moja kuangalia, umeme wa mtaa mzima ulikatika. Ulirudi Jumamosi asubuhi saa tatu na nusu.

Murugi aliutuma mchoro kwenye mashine ya kuchorea bila kuukagua, kwa hiyo Bwana Salad alipofika saa nne kamili ulikuwa bado unachorwa. Jambo hilo lilimpendeza. Alisimama karibu na mashine ya kuchorea, mikono nyuma, akiitazama ikichagua kalamu yenyewe, ikikimbia kushoto na kulia, ikirudisha kalamu na kuchagua nyingine. Alisema ilikuwa kama mbuzi mwenye akili. Kuta zilitoka. Milango ikatoka. Ngazi ikatoka. Vyoo, vilivyochorwa kwa kalamu nyembamba, vilitoka mwisho, kimoja baada ya kingine, na wote wanne walikuwa wameinama wakati cha nne kilipokamilika.

Bwana Salad aliutafuta mshale wa kaskazini kwa kidole.

"Dada," alisema Bwana Salad. "Sasa amenipa mgongo."

Ilikuwa kweli. Vyoo vilitazama kusini, moja kwa moja, bila kupinda hata kidogo.

"Si ulitaka ageuke?" aliuliza Ngatia, ingawa bila matumaini.

"Nilitaka ageuke. Sikutaka azunguke. Kuielekea Kibla katika hali ile si adabu, na kuipa mgongo si adabu. Nilidhani hiyo inajulikana."

"Tumejifunza kwa awamu," alisema Ngatia. Kisha akamgeukia Murugi, na sauti yake ilikuwa ya upole, ambayo kwake haikuwa dalili njema. "Ulisema sekunde kumi."

"Niligeuza robo, Bwana Ngatia. Robo moja. Si nusu." Murugi alikuwa amesimama wima sana. "Mashine haiwezi kuongeza robo yenyewe."

"Lakini imeongeza. Iko hapa kwa karatasi."

Bwana Salad alitazama saa yake. Alikuwa mtu mwenye adabu, na kutazama saa ndiyo njia yake ya kusema kwamba kule Nanyuki penseli haikuwa na mambo haya. Murugi alikiona kitendo hicho na akakielewa chote, pamoja na Jumatatu yake na nyumba ya shangazi yake Kiriaini iliyokuwa ikimsubiri na ghala la kupokelea majani ya chai ambako angeandika uzito wa vikapu vya watu.

Hapo Mzee Kathurima alikohoa.

"Robo ingine," alisema, "ni yangu."

Walimtazama.

"Niligeuza Alhamisi."

"Uligeuza nini, Mzee?" aliuliza Murugi.

"Choo."

"Gani?"

"Zote."

"Zote kumi na mbili?"

"Moja moja," alisema Mzee Kathurima, kwa hadhi. "Hakuna mahali ulinifundisha ingine."

Murugi aligeukia kompyuta. Ngatia alitafuta mahali pa kuketi. Ni Bwana Salad aliyeonekana kuelewa kwanza, labda kwa sababu alikuwa amefanya biashara na watu wengi waliofanya jambo moja mara mbili bila kuambiana.

"Mzee amegeuza mgeni," alisema, baada ya kuelezwa habari ya kiungo, "na dada amegeuza nyumba ya mgeni."

"Ndivyo," alisema Murugi. Tayari alikuwa ameketi mbele ya kioo, na mikono yake ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Bwana Salad, usiende. Naweza kutoa hiyo kusini sasa hivi, ukiangalia. Robo moja tu kwa CHOO. Nikienda mbele, zitaangalia mashariki. Nikirudi nyuma, magharibi. Wewe sema."

"Mimi popote. Mradi si kaskazini wala kusini. Weka mashariki."

Murugi alianza kuandika.

"Mashariki kuna mlima," alisema Mzee Kathurima.

Vidole vya Murugi vilisimama. Ngatia alichunguza dari. Wote watatu walikuwa Wakristo waliobatizwa. Mzee Kathurima alikuwa mzee wa kanisa la Methodisti, na Ngatia alikuwa amechora makanisa manne na kukarabati la tano. Hakuna hata mmoja ambaye angekiri, mbele ya mchungaji au nyuma yake, kwamba mlima ule, ambao babu zao waliuelekea wakiomba, ulikuwa kitu zaidi ya mawe na barafu.

"Kutoka Nanyuki mlima uko kusini kidogo," alisema Ngatia hatimaye. "Si mashariki kamili."

"Kidogo," alikubali Mzee Kathurima.

Bwana Salad aliwatazama wote watatu.

"Kwa hivyo nyinyi pia mko na Kibla," alisema Bwana Salad.

"Hatuna," alisema Ngatia. "Ni mlima tu."

"Sawa. Ni mlima tu. Basi tusiwaelekeze huko watu kumi na wawili hivyo asubuhi mapema. Magharibi kuna nini?"

"Rumuruti," alisema Murugi.

Walingoja. Hakutokea mtu wa kuitetea Rumuruti.

"Magharibi," alisema Bwana Salad.

Murugi alifungua faili ya CHOO. Kulikuwa na choo kimoja tu kwenye kioo kizima, cheupe juu ya weusi, kikiwa pweke kama mtu aliyeitwa ofisini. Aliandika amri, akakirudisha nyuma robo mzunguko. Akahifadhi. Kisha akafungua ghorofa ya kwanza, na mashine ikaanza kufikiri.

Ilifikiri kwa muda mrefu. Ilitoa kuta. Ilitoa ngazi. Ngatia alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti, na Bwana Salad kando yake, na Mzee Kathurima, aliyekuwa na wajibu wa kipekee katika jambo hilo, alikuwa amevua miwani na kuivaa tena mara tatu. Kisha vile vyoo vinne vikajitokeza kwa pamoja, vyote vikitazama magharibi. Murugi alifungua ghorofa ya chini: vinne, magharibi. Ya pili: vinne, magharibi.

"Hujazigusa hizi," alisema Bwana Salad.

"Sijazigusa."

"Umegusa ile moja tu."

"Moja tu."

"Na mwaka ujao nikitaka zile za kukalia, za kizungu?"

"Nachora moja."

Bwana Salad alimgeukia Ngatia. "Hii mashine iko na adabu kuliko watu wangu," alisema. "Inaambiwa mara moja."

Mashine ya kuchorea ilifanya kazi hadi saa sita. Bwana Salad alisubiri, akanywa ile chai, na alipowekewa karatasi tatu alizikagua choo kwa choo, kwa kidole, kisha akaweka sahihi yake kwenye kila moja. Kwenye karatasi ya tatu aliuliza kama sahihi nayo isingeweza kuwekwa mara moja, zingine zikafuata zenyewe. Murugi alisema hapana, hiyo moja moja. Bwana Salad alisema alifurahi kusikia hivyo, akaaga.

Ngatia alikunja michoro na kuiingiza kwenye bomba lake. Alikuwa mtu wa maneno machache katika furaha, na machache zaidi katika kukubali kwamba alikuwa amekosea. Alivaa koti, akafika mlangoni, akasema bila kugeuka:

"Murugi, Jumanne tunaanza ile ya kanisa la Naro Moru. Saa mbili, kama kawaida. Muuzaji nitampigia simu mwenyewe. Hiyo mashine imeonyesha kazi yake."

Walimsikia akishuka ngazi. Murugi alibaki akiitazama kompyuta, na hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alichukua kipande cha karatasi, akachora mishale minne, akahesabu kwa penseli. Akahesabu tena.

"Mzee," alisema. "Kuja uone kitu."

Mzee Kathurima alikuja na kikombe chake.

"Mimi Ijumaa niligeuza CHOO kwenda mbele robo. Leo nimeirudisha nyuma robo. Kwa hivyo CHOO iko sasa vile ilikuwa siku ya kwanza. Inaangalia juu. Ni kama sijafanya kitu."

"Lakini hizi zinaangalia magharibi."

"Ndiyo."

"Nani amezigeuza?"

Murugi alimtazama. "Ni wewe, Mzee. Alhamisi. Zote kumi na mbili ni zako. Mimi nimetoa tu ile yangu njiani."

Mzee Kathurima aliweka kikombe chini. Aliichukua ile karatasi ya mishale, akaisogeza karibu na miwani, akaipitia kama alivyokuwa akipitia michoro ya wengine kabla ya kuiruhusu kutoka, mshale wa kwanza hadi wa mwisho. Haikuwa na kosa. Siku nzima ya kazi yake ilikuwa imebaki salama, na mashine ilikuwa imesifiwa kwa ajili yake.

"Nitamwambia Bwana Ngatia Jumatatu," alisema Murugi. "Si haki."

"Utamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba ni mkono wako."

"Halafu yeye ataambia muuzaji nini?"

Murugi aliitazama kompyuta.

Mzee Kathurima aliikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, akaitia kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kalamu.

"Fungua tena hiyo kitu," alisema, akivuta kiti chake na kukisogeza, safari hii si nyuma ya Murugi bali kando yake. "Tuko na nusu saa kabla ya kufunga. Nionyeshe vile mtu anaingia kwa hiyo CHOO. Na usiniambie ni sekunde kumi."